Mkono Kwenye Mshipa

Katika Baghdad ya karne ya 9 alikuwapo mfanyabiashara mmoja tajiri, jirani wa mwanafalsafa al-Kindi. Biashara yake yote aliiendesha mwanawe: bidhaa zilizoingia, madeni, wadaiwa, hesabu zote zilikuwa kichwani mwa kijana huyo. Siku moja kijana akaanguka ghafla, asiseme wala asijongee. Baba akawaita matabibu wa mji mzima, na kila aliyekuja aliondoka hana la kusema. Ndipo mtu mmoja alipomwuliza kwa nini hajamwita jirani yake, ilhali hakuna anayeujua ugonjwa ule kumshinda yeye. Mzee aliona haya. Kwa miaka mingi alikuwa akimsengenya al-Kindi na kumchongea kwa watu. Lakini mwana ni mwana. Akatafuta mtu wa kwenda kumwombea radhi.

Al-Kindi akaja. Akaketi, akaushika mkono wa kijana, akatia vidole kwenye mshipa. Kisha akaagiza waletwe wanafunzi wake wanne, mahodari wa udi, akawaonyesha nyuzi gani waguse na mahadhi gani wayashike, wasiyaache. Wakapiga. Yeye mkono hakuuachia. Mshipa uliokuwa unazama ukaanza kupata nguvu, pumzi zikarejea kidogo kidogo, kijana akatikisika, akaketi, akasema. Al-Kindi akamgeukia baba: muulize unalotaka kujua kuhusu mali yako. Baba akauliza, mwana akajibu, yakaandikwa. Hesabu zilipokaribia kwisha wapigaji wakateleza, wakayaacha yale mahadhi wakaingia mengine, na kijana akalala chali kama mwanzo. Mzee akasihi wapige tena. Al-Kindi akamwambia haiwezekani. Yale yalikuwa mabaki ya uhai wake, na ajali ikifika hakuna binadamu awezaye kuiongeza.

Kisa hiki ametuachia Ibn al-Qifti, mwandishi wa habari za wanahekima aliyefariki mwaka 1248. Al-Kindi alikwishafariki karibu karne nne kabla yake, kwa hiyo msomaji ana haki ya kukipokea kwa tahadhari. Mimi sisadiki kwamba udi unaweza kumwinua aliyepigwa na kiharusi. Ninalolisadiki ni namna kazi yenyewe inavyoelezwa. Tabibu hakuleta wapigaji akaenda zake. Alikaa, akasikiliza kwa vidole, na mahadhi yakafuata alichokihisi mle ndani ya mkono wa mgonjwa. Katika miaka elfu na zaidi ya kutafuta utulivu kwa njia ya sikio, sehemu hiyo ndiyo iliyopotea kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa na thamani.

Nadharia ya al-Kindi haikuwa ngumu. Mwili una vitu vinne, damu, balghamu, safura na sauda, na ugonjwa ni kimoja kuwazidi wenzake. Udi wa zama zake ulikuwa na nyuzi nne. Akaoanisha: uzi mwembamba kabisa na safura, unaofuata na damu, wa tatu na balghamu, na ule mnene unaounguruma na sauda, kitu kizito cheusi kiletacho huzuni isiyo na sababu. Leo hakuna hospitali inayopima sauda. Hata hivyo mahali alipokuwa akipapasa ni pale pale wanapopima watafiti wa sasa. Moyo, pumzi na tumbo vinaendeshwa na sehemu ya mfumo wa fahamu isiyongoja amri zetu, nayo ina pande mbili. Upande mmoja huamka kwenye hatari: moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, viganja vinatoa jasho, tumbo linasimamisha kazi yake. Upande wa pili hutuliza, na njia yake kuu ni mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka shina la ubongo kupita shingoni hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Mtu anapotoa pumzi polepole, vagasi huushika moyo breki. Mwenye wasiwasi wa muda mrefu ni mtu ambaye upande wa kwanza umekataa kulala hata baada ya hatari kupita. Muziki wa taratibu huivuta pumzi iende nao, na pumzi ikishatulia moyo haukawii kufuata.

Ikhwan al-Safa, lile kundi la siri la wasomi wa Basra katika karne ya 10, hawakujua habari za vagasi, lakini walijua mahali sauti inapotumika. Katika nyaraka zao 52 upo mmoja wa muziki, na ndani yake wanataja nyimbo za vita, za msiba, za wafanyakazi, za mama kumlaza mtoto, za waongoza ngamia wanaopita jangwani usiku. Katikati ya orodha hiyo wanayataja mahadhi yaliyokuwa yakitumika hospitalini wakati wa alfajiri, ya kuwapunguzia wagonjwa maumivu. Alfajiri! Aliyewahi kulala wodini anaijua saa hiyo, usiku haujaisha na maumivu hayana wa kuyapigisha soga. (Watu wa Unguja jina la kundi hilo wanalo midomoni kila siku: klabu kongwe ya taarabu, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilijiita Ikhwani Safaa, jina lilelile la ndugu hao wa Basra.) Ibn Sina naye, aliyeikamilisha Kanuni yake ya tiba mnamo 1025, alipofika kwenye malezi ya mtoto mchanga aliandika kwamba vitu viwili vinamfaa, kumtikisa taratibu na kumwimbia. Kila mama anayebembeleza amekuwa akitibu kwa kitabu hicho bila kukisoma.

Wazo likaingia kwenye majengo. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alianza kujenga hospitali kubwa Cairo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa bado amiri aliugua chango huko Damascus, akapona kwa dawa za hospitali ya Nur al-Din, akaweka nadhiri kuwa akipata ufalme atajenga mfano wake. Akaupata, akaitimiza. Wasafiri waliopita baadaye wamesimulia kwamba waliokosa usingizi walitengewa chumba chao, wakapigiwa muziki na kusimuliwa hadithi, na kwamba waadhini wa msikiti wa jirani walianza kusoma kwa sauti kabla ya alfajiri ili usiku uwe mfupi kwa wagonjwa. Aleppo, mwaka 1354, liwali Arghun al-Kamili aliwajengea wenye maradhi ya akili nyumba yenye nyua kadhaa, na kila ua ukawekewa maji. Hapo dawa ya sikio ilikuwa mchiriziko tu wa maji mchana kutwa.

Lakini nyumba ninayotaka kukaa nayo ni ile ya Edirne. Sultani Bayezid II aliamuru ijengwe mwaka 1484 kando ya mto Tunca, na kufikia 1488 palikuwa na msikiti, chuo cha tiba, jiko la kuwalisha maskini na hospitali, vyote chini ya wakfu mmoja. Mtu huingia kwanza kwenye ua mrefu, kisha ua mdogo, na kila hatua kelele za barabarani zinabaki nyuma. Mwisho anafika kwenye ukumbi wa pembe sita chini ya kuba. Juu kabisa kuba limeachiwa kinara cha madirisha, mwanga unashuka kutoka huko. Katikati ya sakafu pana chemchemi ya mawe. Vyumba vya wagonjwa vinauzunguka ukumbi pande zote, baadhi vimefungwa kwa majira ya baridi, vingine viko wazi kwa majira ya joto, na upande mmoja pameinuliwa jukwaa la wapigaji.

Anayesimama pale akapiga kofi moja ndogo anaelewa mara moja akili ya mjenzi. Hakuna mgonjwa aliye mbali sana na jukwaa. Sauti inapanda kwenye kuba, inarudi imelainika, inaingia vyumba vyote kwa kiasi kimoja, na maji ya chemchemi yanaifunika minong'ono ya chumba cha jirani. Mpiga nai hakulazimika kupuliza kwa nguvu. Hilo si jambo dogo: sauti kubwa ya ghafla humshtua hata mzima, sembuse mtu ambaye mwili wake uko kwenye hadhari usiku na mchana.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, katikati ya karne ya 17, alifika pale Evliya Çelebi, mwana wa Istanbul aliyezunguka dola ya Waosmani kwa miaka arobaini akiandika kila alichokiona na vingine ambavyo huenda hakuviona. Ni mwandishi wa chumvi nyingi. Lakini katika suala la sauti alikuwa mtu wa fani: hafidhi wa Kurani, mwenye koo zuri, aliyeingia jumba la Sultani Murad IV kwa kipaji hicho. Anaandika kwamba wakfu uliajiri wasanii kumi kwa ajili ya wagonjwa, waimbaji watatu na wapigaji saba, wa nai, fidla, udi, santur na ala nyinginezo, na mara tatu kwa wiki wakawapigia wagonjwa na wenye wazimu. Anayataja maqamu yaliyowafaa, rast na segah na mengineyo, majina ambayo mpiga ganuni wa Unguja asingehitaji kufafanuliwa.

Evliya hakutuchorea pepo. Anasema wengine walifungwa kwa minyororo, hata kama ilinakshiwa dhahabu na fedha, na baadhi yao walinguruma kama simba tunduni. Wengine walikuwa vijana waliorukwa na akili kwa mapenzi, na majira ya kuchipua ndipo walipoongezeka. Wagonjwa waliletewa maua, asumini na rehani na mengine yenye harufu nzuri, wayanuse wapate nafuu. Baadhi waliyala. Wengine waliyakanyaga. Nampenda Evliya kwa sentensi hiyo, kwa sababu mwongo anayetaka kusifu wakfu wa Sultani asingeiandika.

Pembeni ya muziki kulikuwa na jiko. Tabibu ndiye aliyeamua nani apikiwe nini, na Evliya anataja nyama za ndege, kware, njiwa, bata, zikiandaliwa kwa maagizo yake. Siku mbili kwa wiki duka la dawa lilifunguliwa kwa watu wa mji, bila malipo. Mtu aliyeingia pale akiwa hajalala siku kadhaa alipewa kitanda, chakula cha moto, harufu nzuri, maji yanayochiririka, watu wa kumhudumia, na saa ya muziki aliyoweza kuitarajia. Ukiutoa muziki peke yake katika orodha hiyo ukauita dawa, umemnyang'anya Bayezid nusu ya kazi yake.

Mafundi wa vitabu walifanya hivyohivyo. Matabibu wa Kiosmani waliofuata, akiwamo Gevrekzade Hasan Efendi aliyefariki mwaka 1801, waliandika orodha za maqamu na magonjwa: hili kwa kichwa, lile kwa homa ya watoto, hili asubuhi, lile jioni. Orodha hizi zinasambazwa sana siku hizi, tena kwa jina la mwanafalsafa al-Farabi, aliyeishi karne nyingi kabla yake. Kwangu ndizo sehemu dhaifu kuliko zote katika historia hii, maana zinamwondoa mgonjwa na kumwacha jedwali. Hospitali ya Edirne ilidhoofika baada ya vita vya Warusi na Waturuki vya 1877 na 1878. Mwaka 1984 ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Trakya, mwaka 1997 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya afya, na mwaka 2004 ikapata tuzo ya makumbusho ya Baraza la Ulaya.

Ulaya nayo ilikuwa na mgonjwa wake mashuhuri. Mfalme Felipe V wa Hispania, kufikia kiangazi cha 1737, alikuwa hataki kutoka kitandani. Hanyoi, haogi, habadilishi nguo, na mambo ya dola yamekwama. Malkia Elisabetta Farnese akamwita Farinelli, mwimbaji wa Kiitalia aliyeisisimua London, mmoja wa wale waliohasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Malkia hakumpeleka mbele ya mfalme. Alimweka chumba cha pili aimbe huko. Mfalme akasikia, akaamuru aletwe, akamwuliza anataka zawadi gani. Farinelli alikuwa ameshafundishwa la kujibu: anyanyuke, anyolewe, avae, aende barazani.

Kijana huyo wa miaka 32 hakuimba tena hadharani. Kwa miaka tisa, hadi mfalme alipofariki mwaka 1746, alimwimbia usiku baada ya usiku, nyimbo chache zilezile; wengine walisema ni nne, barua zake mwenyewe zinaonyesha zilikuwa nane au tisa. Na mfalme hakupona. Balozi wa Uingereza aliripoti kwamba usiku mwingine Felipe aliziiga nyimbo hizo kwa makelele ya kutisha hadi watumishi wakahangaika kumfunika aibu yake. Basi ile sauti ilifanya nini? Ilimpa mtu aliyeelemewa saa moja aliyojua itakavyokuwa mwanzo hadi mwisho, kutoka kwa mtu yuleyule, kila siku. Nyimbo zilezile, wala si mpya. Mwili uliojaa hofu hauombi mambo mapya.

Karne ya 20 ilieneza santuri ya sahani, kisha redio, na mahadhi yakaweza kumfikia mgonjwa bila mpigaji kuwapo. Vita Kuu ya Pili iliwarudisha Marekani maelfu ya askari waliokuwa wakishtuka kila mlango ukibamizwa, na wanamuziki wa kujitolea wakamiminika hospitalini. Haikuchukua muda kuonekana kwamba kupiga vizuri hakutoshi. Mwaka 1944 chuo cha Michigan kikaanza kutoa shahada ya tiba ya muziki, Kansas ikafuata mwaka 1946, na mwaka 1950 wataalamu wake wakaunda chama chao cha kitaifa.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine. Alfred Tomatis, daktari wa masikio na baba yake mwimbaji wa opera, alishika imani kwamba sikio halipokei sauti tu bali linaulisha ubongo nguvu. Kisa alichopenda kukisimulia ni cha watawa wa En Calcat, kusini mwa nchi. Baada ya mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, saa zao nyingi za kuimba zilipunguzwa. Wakaanza kuchoka, kusinzia, kukata tamaa. Daktari mmoja akaagiza walale zaidi, wakachoka zaidi. Mwingine akaagiza wale nyama, watu waliozoea kula mboga. Hali ikawa mbaya zaidi. Tomatis akawarudishia nyimbo zao, na baada ya miezi wakawa wazima wa kuamka usiku na kufanya kazi. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na msimulizi wa ushindi wake mwenyewe asikilizwe kwa sikio moja. Mimi naona palipita jambo ambalo yeye hakulitilia mkazo: watawa hawakuwa wasikilizaji, walikuwa waimbaji. Mtu anayeimba kwa saa kadhaa kwa siku anatoa pumzi ndefu na kuvuta fupi, pamoja na wenzake, na vagasi hulipwa haki yake bila mashine.

Tomatis mashine alikuwa nayo. Alitengeneza chombo cha kuchuja muziki wa Mozart, kukata sauti nzito na kuacha nyembamba, ukaingia masikioni kwa hedifoni. Kutoka hapo ndipo zilipozaliwa programu nyingi za kusikiliza zinazouzwa leo kwa watu wenye msongo wa mawazo. Madai yake makubwa hayajapata majaribio yenye uzito wa kuyabeba.

Ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye mambo ya kawaida. Mwaka 2013 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 26 yenye wagonjwa 2051 waliokuwa wakisubiri upasuaji, wakaona kwamba kusikiliza muziki uliorekodiwa kulipunguza wasiwasi wao. Dawa ya kumtuliza mgonjwa kabla ya upasuaji si ya mzaha, kwa hiyo nafuu inayopatikana bila hiyo ni jambo. Wakatahadharisha pia kuwa mgonjwa hawezi kufichwa kama amesikia muziki au la, na anayejua amehudumiwa huenda akajisema ametulia. Na mwaka 2006, Pavia nchini Italia, Luciano Bernardi na wenzake waliwapima mapigo na pumzi watu 24, nusu yao wanamuziki, wakiwachezea vipande vya aina mbalimbali. Muziki wa kasi uliongeza mapigo, wa taratibu ukayashusha. Kisha wakatazama zile dakika mbili za kimya walizoziingiza kati ya vipande kwa ajili ya vipimo tu. Hapo moyo ulitulia kuliko hata kabla muziki haujaanza. Kumbe mpigaji anayejua kunyamaza anafanya sehemu ya tiba, na rekodi haijui wakati wa kunyamaza.

Anayetajwa zaidi sasa ni Mmarekani Stephen Porges. Mwaka 1994 alitoa nadharia yake kuhusu vagasi, na baadaye akatunga programu ya muziki uliochujwa, saa tano kwa jumla. Anadai kwamba misuli midogo ya sikio la kati inaweza kuzoezwa ipokee zaidi sauti ya binadamu, ile ya kupanda na kushuka ya mama anayebembeleza, na mwili uichukue kuwa dalili ya usalama. Wanafiziolojia, Paul Grossman akiwa mstari wa mbele, wameipinga misingi ya nadharia hiyo, hasa maelezo yake ya jinsi vagasi ilivyokua katika viumbe, na ubishi haujaisha. Wanaoitumia programu yenyewe, hata hivyo, wanaagizwa wasimwachie mgonjwa hedifoni wakaondoka. Lazima awepo mtu aliyefunzwa, ana kwa ana au kwenye skrini, anayemtazama uso na pumzi, naye auzime muziki mara anapoona mwili wa msikilizaji unaanza kuelemewa.